Sili ya Injini ya Marehemu

Siku hizi mwenye injini akifa, injini yake nayo huhesabiwa imekufa, na hakuna duka linaloruhusiwa kuiuzia kipuri. Ya boti yetu, aliyoiacha marehemu mume wangu, ilikuwa inavuja oili kwenye shafti kwa kuchakaa sili, ile pete ya mpira inayozuia oili, na mkwe wangu Nyamizi alishaanza uchungu. Hospitali iko ng'ambo ya ziwa.

"Mama, iambie mashine hii ya kuuzia vipuri kwamba mzee yuko hai," Kahema wa dukani alininong'oneza. "Itatoa sili sasa hivi."

"Nimemzika mwenyewe, Kahema. Leo nimfufue kwa uongo?"

Nikarudi nyumbani, nikauchukua mkanda wa ngozi wa mume wangu, nikaulainisha kwa mafuta ya ng'ombe, nikauzungushia shafti mahali pa sili na kuukaza. Injini ikawaka bila kudondosha oili.

Tulipopita mnara wa ulinzi wa gatini, ukaita: "Marehemu Ruhomvya, zima injini."

"Hayupo," nikaujibu. "Sema na mimi, mkewe."

Nyamizi akanishika gauni. "Mama, mbona mnara hausemi tena?"

"Haukufundishwa kusema na mjane. Wewe mwombe Mungu, mwanangu, na usisukume mpaka tufike."

Taa ya mnara ikageuka taratibu, mwanga wake ukaanza kutufuata juu ya maji. Nikaongeza mwendo kuelekea ng'ambo, hospitalini.