Uso wa Dada Rangi

Siku ya nne mfululizo mzee alikuwa ameshaketi kwenye benchi la mapokezi kabla ofisi ya kampuni ya rangi haijafunguliwa, simu mkononi, akimtazama Dada Rangi akipaka ukuta kwenye video.

Mtengeneza video alimwona kupitia kioo cha mlango, akashusha pumzi.

"Nimemwambia arudi nyumbani, dada," mlinzi alisema. "Anasema hana haraka."

Dada Rangi alikuwa mwanamke wa dakika moja. Kila Jumatatu na Alhamisi alitokea kwenye simu za watu akiwa na ovaroli lake la bluu, akawafundisha kupaka rangi bila kuchafua sakafu, akawatania waume wanaoogopa ngazi, akaaga. Hakuwa mtu. Alizaliwa ndani ya kompyuta, kwa maneno aliyoandika mtengeneza video, na kumlea hakukuwa kazi rahisi. Mwanzoni kila video ilileta mwanamke mwingine. Leo ana mwanya, kesho hana. Kidoti kilihama shavu hili kwenda lile kama mgeni asiyejua pa kukaa. Katika video ya tatu alishika brashi kwa vidole sita, watazamaji wakambatiza Dada Sita.

Alitulia baada ya miezi miwili. Mtengeneza video alichagua uso mmoja, akautolea picha kutoka pembe saba, akazihifadhi, na kila mara akaanza na picha zile zile na maelezo yale yale, neno kwa neno. Asichokihifadhi kilipotea, maana mashine haikurudia sura. Tangu hapo Dada Rangi akawa Dada Rangi.

Ndipo akaja mzee, fundi bomba mstaafu.

Siku ya kwanza aliweka picha ya zamani mezani. Mtengeneza video aliiinamia. Mwanya ule ule. Kidoti kile kile, shavu la kushoto. Hata unyusi mmoja ulikuwa umeinuka kidogo, kama mtu anayejizuia kucheka.

"Huyu ni binti yangu," mzee alisema. "Kitinda mimba."

"Mzee, samahani sana. Huyu wetu si mtu. Ni picha tu, ametengenezwa na mashine."

"Nimesikia, mwanangu. Nilitaka kukuomba..."

"Hana anwani, mzee. Hana namba ya simu. Sina pa kukuelekeza."

Mzee aliifunga picha kwenye leso, akaondoka polepole.

Siku ya pili aliuliza uso ule ulitoka wapi. Mashine ilikuwa imelishwa nyuso za mamilioni ya watu, na usiku kucha mtengeneza video alikuwa amejiuliza huyu alitokea kwa nani. Alikuwa amewaandikia wenye mashine, wakamjibu kwa shukrani za kawaida, kisha kimya.

"Ni kama maji ya bomba, mzee. Yanatoka, lakini kisima chake sikijui."

"Hakuna maji yasiyo na chanzo," fundi bomba alisema, bila ukali.

Bosi alipoulizwa hakuinua hata macho. "Mpe kofia ya kampuni aende zake."

Siku ya tatu mzee alirudi ameivaa kofia. "Nilitaka kukuomba," alianza tena, na mtengeneza video akamkatiza tena. Angesema nini zaidi? Kila neno alilolitafuta lilikuwa kama kumpokonya mzee wa watu mtoto mikononi. Na kunyamaza kulikuwa kumwacha azeeke kwenye lile benchi.

Kwa hiyo siku ya nne alimfungulia mlango.

"Njoo, baba. Ujionee mwenyewe."

Alimketisha mbele ya kompyuta, akaleta uso wa Dada Rangi. Akaandika maneno machache, nywele zikawa ndefu hadi mabegani. Akaandika mengine, zikawa fupi.

"Fupi zilimpendeza siku zote," mzee alisema.

Bado haelewi, mtengeneza video aliwaza. Jipu hili lilitaka kukamuliwa mara moja. Akaandika: miaka sabini.

Walisubiri. Uso ukaja taratibu, kama mtu anayetoka kwenye ukungu. Mvi tupu. Mashavu yamebonyea, mikunjo imezunguka macho, mwanya uko palepale. Bibi kizee mcheshi, unyusi umeinuka.

Mzee alisimama. Akanyoosha kidole hadi karibu na kioo, asikiguse. Machozi yakamtoka bila sauti.

"Unaona, baba? Binadamu hazeeki kwa kubonyeza kitufe. Hayupo humu."

Mzee alikuwa amesogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, midomo ikimchezacheza.

Mtengeneza video hakuweza kuvumilia. Alijiona amemchoma kisu mtu mwenye umri wa baba yake. Akapeleka mkono haraka, akaifuta picha.

"Basi, baba, basi. Nimeifuta kabisa, hutaiona tena. Nisamehe. Nilitaka tu ujue kwamba si yeye."

Mzee alibaki akikitazama kioo kitupu. Kisha akavua kofia, akakaa.

"Najua si yeye, mwanangu. Binti yangu nilimzika mwenyewe, hata thelathini hajatimiza. Siku zote hizi nilikuja kukuomba jambo moja tu, unionyeshe angezeekaje. Ni hiyo picha uliyoifuta."