Lazima Aseme Mwenyewe

Wiki ya tatu tangu sheria iliyowakataza weusi na weupe kuoana ifutwe, Zawena alimsukuma Henrik katika kiti cha magurudumu hadi ofisi ya ndoa. Walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na sita.

Karani alifungua jalada lao. "Hapa umeandikwa mpishi wake, mama."

"Tungeandika nini, baba? Askari walikuwa wakija kukagua vitanda."

"Na tangu mlipoingia unamwita bwana."

"Ni bwana wangu," alisema Zawena, akalisikia neno likimgeuka mdomoni. Miaka yote hiyo lilimkinga, kwa kuwa kila aliyelisikia alidhani anamwita tajiri wake. Sasa lilimsuta.

Karani akamgeukia Henrik. "Mzee, unakubali kumwoa mama huyu?"

Henrik alimkodolea macho. Tangu apigwe na kiharusi, ulimi wake ulikuwa umekufa. Akanyanyua mkono uliobaki mzima, akamshika Zawena kidole.

"Lazima aseme mwenyewe," alisema karani. "Kesho ndugu zake watadai mpishi kamrubuni mgonjwa ili arithi nyumba."

"Laiti mngeifuta sheria ile mwaka jana," alisema Zawena. "Mwaka jana alikuwa akiimba."

Karani alifunga jalada, akawaita waliofuata. Zawena hakuondoka. Alipiga magoti mbele ya kiti, na mbele ya watu wote akasema kwa sauti, "Mume wangu, jaribu."

Midomo ya Henrik ilianza kutetemeka. Foleni nzima ikanyamaza kumsikiliza.