Kamba za Viatu

Asubuhi ya kura ya Bunge, Rais aliketi kibarazani akimpigia mkewe viatu rangi, kama alivyozoea tangu Tunu achaguliwe kuwa mbunge.

Rais alikuwa ametia saini mkataba wa kugawana maji ya mto na nchi jirani. Bunge lisipouridhia, saini yake ingebaki wino mtupu.

“Mama Rehani, utaniunga mkono?” alimuuliza mkewe bila kuinua macho.

“Watu wangu wa bondeni wanaishi kwa mto huo. Hukuwauliza.”

“Ningechelewa, jirani angebadili nia.”

“Najua. Lakini leo nitasema hapana.”

Rais alikisugua kiatu cha pili mpaka kikang’aa. Kisha akapiga goti, akamvika vyote viwili, akazifunga kamba vizuri zisije zikamfungukia njiani.