Alhamisi Bila Moshi

Hapana, matawi hakuyachoma. Hapo ndipo mdogo mtu alipoanza kuingiwa na baridi. Shemeji yake ni mkata ua wa miti tangu ujana, watu wanamwita Mzee Mkasi, na kazi ile ina sheria moja: vile vichaka vya kijani mwaka mzima, ukivipogoa, matawi unayachoma siku hiyo hiyo, kabla mkono haujagusa chakula. Yana sumu. Ng'ombe wa jirani alitafuna tawi moja tu, hakufika zizini.

Basi mdogo mtu kaja kumtembelea dada yake, wiki ya tatu sasa, na moshi hajauona.

Dada mtu naye kakonda, ukimshika mkono unaogopa utakukatikia. Vikombe vinamponyoka, anasema vidole vina ganzi. Kilemba hakivui, hata jikoni kwenye joto. Ukimuuliza, jibu ni lile lile: "Uzee huo, mdogo wangu."

Uzee gani huo unaokuja kila Alhamisi? Maana Alhamisi asubuhi anatoka na mumewe, eti kumsindikiza kazini, jioni anarudi anatapika mpaka nyongo.

Na Mzee Mkasi, mtu ambaye miaka arobaini hakuwahi kuchemsha hata yai, siku hizi ndiye anayepika.

"Shemeji, umeanza lini mambo ya jikoni?" mdogo mtu akamuuliza.

"Tangu nilipogundua dada yako alikuwa ananidanganya kwamba ni kazi ngumu."

Utani wa mashemeji, wakacheka. Lakini mdogo mtu aliona vizuri: mdomo ulicheka, macho hayakucheka.

Ijumaa mchana akaenda bandani kutafuta ufagio. Mlango siku zote una kufuli. Siku hiyo lilisahauliwa. Akasukuma.

Magunia sita. Akafungua la kwanza: majani. La pili: majani. Machanga matupu, yamechambuliwa vijiti kama mboga ya mgonjwa, na kila gunia lina tarehe yake. Mengine yametandazwa kwenye shuka, yanakauka kivulini.

Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga, na huyu alikuwa nguoni miaka arobaini.

"Mama, njoo ule kabla hakijapoa!" Sauti ya Mzee Mkasi hiyo, akimwita mkewe kutoka jikoni, tamu kama asali.

Mdogo mtu alikimbia kandambili zikabaki uani. Alipoingia, kijiko kilishafika mdomoni mwa dada yake. Akakipiga kikaruka mpaka dirishani. Akakamata sufuria ya mchuzi kwa mikono mitupu, akaumwaga wote nje.

"Usile, dada! Anakuua huyu! Nimeyaona majani bandani, magunia sita!"

Mzee Mkasi kasimama na mwiko mkononi, mchuzi unadondoka kwenye kiatu. Hakukana. Hakukasirika hata. Alimgeukia mkewe tu.

"Nilikwambia umwambie," akasema. "Sikukwambia?"

"Aniambie nini?" Mdogo mtu kamsimamia dada yake mbele kama kuku na kifaranga. "Aniambie nini, shemeji?"

Dada mtu akanyoosha mkono, akamvuta akae. Kisha akafungua kilemba, taratibu, vidole vikihangaika na fundo. Kichwa kilikuwa kitupu, kinang'aa, hata unywele wa dawa haupo.

"Sumu napewa kweli, mdogo wangu. Kila Alhamisi, kwa dripu, na daktari kanihakikishia saratani itatangulia kufa kabla yangu. Huyu mzee kazi yake ni kuwakatia wenye kiwanda cha dawa yale majani, ndiyo wanayotengenezea sumu hiyo."

Mzee Mkasi akapangusa kiatu, akaleta sahani ya tatu. Wakakaa wote, wakala wali mkavu.