Mzee wa Saa Nne

Simu ilipoita saa nne asubuhi, Justina hakuwa na haja ya kutazama namba.

"Kituo cha teknolojia ya kilimo, karibu."

"Binti, majani ya kahawa yangu yana unga wa njano kwa chini. Nifanye nini?"

"Hiyo ni kutu ya majani, mzee. Punguza matawi hewa ipite, kisha nyunyiza dawa ya kuvu, ile ya kopa."

"Asante. Leo ndiyo nimeelewa."

Alikuwa ameuliza swali hilohilo kila siku, tena na tena, tangu kuanza kwa masika.

Kornel, msimamizi wa zamu, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Justina. Kabla ya kituo kufunguliwa alikuwa akiuza mitumba Dar es Salaam. Vijana wengi wa Kirua Vunjo walirudi kama yeye. Akina mama sasa walijua bei ya maziwa kabla hawajakamua, kahawa ilipata mnunuzi ingali juani, na wakulima wa mpunga kule Kahe walipiga kuuliza habari za mvua. Lakini laini zilikuwa tatu tu.

"Jana kuna mama ng'ombe wake alivimba tumbo, akakosa laini nusu saa nzima," Kornel alisema. "Ng'ombe amekufa. Namba ya huyu mzee naifunga leo, dada. Unisamehe."

"Sawa."

Sauti ya Justina haikupanda wala kushuka. Kituoni walishamzoea. Hakuna aliyewahi kumwona akicheka, wala akikasirika.

Simu ikaita tena. Ni yeye.

"Niachie hii ya mwisho," Justina alisema.

"Binti, majani ya kahawa yangu yana unga wa njano..."

Akamjibu yaleyale, polepole. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamuuliza: "Mzee, hapo nyumbani unaishi na nani?"

"Kuna mama mmoja ananipikia. Sijui katokea wapi. Haongei." Mzee akashusha sauti. "Wewe ndiye unayenisikiliza."

"Huna watoto?"

"Ninaye mmoja, wa kike. Yuko shule, Moshi mjini. Wakifunga atakuja."

"Atakuja, mzee."

"Nitamleta hapo kwenu mumfundishe kazi. Ana akili sana."

"Mlete."

Mzee akaaga. Kornel akabonyeza mara mbili kwenye kompyuta yake, na namba ikafungwa. Justina akapokea simu iliyofuata, akamweleza mtu wa Kahe kwamba mvua itanyesha Alhamisi.

Jioni alipanda kilima kwa miguu, amebeba mkungu mdogo wa ndizi. Waliokutana naye walimsalimia, naye akaitikia. Akaingia kwenye kihamba, shamba la nyumbani alikozaliwa, akapita palipokuwa na mibuni iliyong'olewa miaka mingi iliyopita, mpaka barazani.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, simu ameibana sikioni kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba," Justina alisema.

"Sogea kidogo, mama," mzee akajibu bila kumtazama. "Nasubiri binti apokee."