Pomboo Mwenye Madoa

Nahodha alipunguza mwendo ili abiria wamwone Kipenzi, pomboo mkubwa aliyewahi kunaswa wavuni, naye nahodha akamkwamua. Tangu siku ile, Kipenzi akisikia boti yake tu, huja mbio.

Alikuja kweli. Yeye na wenzake walikuwa wakimrusha juu pomboo mdogo wa aina nyingine, mwenye madoa, na kila alipoanguka walimgonga mbavuni.

"Wanacheza, eti mama?" abiria mmoja alimuuliza nahodha huku akicheka.

Nahodha aliona alama za meno, mistari myekundu kwenye ngozi laini.

"Hawachezi. Wanamuua."

Kipenzi akasogea ubavuni mwa boti, akainua kichwa apapaswe kama kawaida.

Nahodha akaurudisha mkono uliokwisha kunyooka, akageuza usukani, akaiingiza boti kati yao na yule mdogo.