Matandiko ya Nyoka wa Temirkul

Temirkul alirudi kwa mara ya nne, na safari hii alikuwa amenyoa ndevu.

"Yale makumbi ya nazi hakuyapenda," alisema, akiutua mfuko juu ya meza.

Burulkan alikuwa ameuza vyakula na matandiko ya wanyama katika soko lile la Bishkek kwa miaka kumi na tisa, tangu alipofiwa na mumewe. Mteja msumbufu kama huyu hakuwahi kumpata. Kwanza fundi huyu mstaafu wa lifti alitaka maranda ya msonobari, eti yananukia vizuri. Burulkan akamkataza: utomvu wake huumiza mapafu ya nyoka. Akataka mchanga. Akamkataza tena: nyoka huumeza pamoja na panya, tumbo likaziba. Akampa karatasi zilizochanwa, kisha maranda meupe yasiyo na utomvu, kisha makumbi. Vyote vilirudi na lawama.

"Kwani nyoka wako ana urefu gani, kaka?"

Temirkul alifikiri. "Mara ya mwisho alipojinyoosha, kama mita na nusu hivi."

"Anakula?"

"Nadhani anakula. Si wangu, dada. Ni wa binti yangu. Kaenda Moscow kutafuta kazi, kaniachia."

Akachukua tena mfuko wa maranda meupe, yale yale aliyokwisha kuyarudisha, akaaga.

Sabira, muuza mbegu za ndege wa kibanda cha pili, alicheka mpaka akashika nguzo.

"Shoga, huoni tu? Urefu hajui, kula hajui. Nyoka gani huyo? Wewe mjane, yeye mgane, hapo nyoka wa nini?"

"Niondolee maneno yako."

"Kanyoa ndevu, Burulkan! Mtu hanyoi ndevu kwa ajili ya maranda."

Burulkan alimfukuza kwa fagio. Lakini mchana ule alikosea mizani mara tatu.

Jumamosi Temirkul alikuja tena, akasimama akizungusha kofia mikononi. Hakununua kitu.

"Dada, mimi nimeshindwa. Njoo nyumbani ujionee mwenyewe. Nitaandaa chai."

"Lini?" Burulkan aliuliza, haraka kuliko alivyokusudia.

Jumapili alijitanda kitambaa cha hariri ambacho hakikuwa kimetoka sandukuni tangu harusi ya mdogo wake. Alikaanga bakuli zima la boorsok, vimaandazi vya wageni, akajiambia kuwa ni adabu tu, mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Kwenye ngazi alisimama mara mbili, na hakuwa amechoka.

Temirkul alilipokea bakuli kwa mikono miwili. "Karibu, dada, pita ndani. Chai inachemka, naileta sasa hivi." Akakimbilia jikoni.

Chumba kilikuwa kimefagiliwa kikafagilika. Pembeni palikuwa na sanduku la kioo: taa inawaka, sahani ya maji imejaa, maranda yametandazwa sawasawa, bila hata alama ya kupitiwa. Burulkan aliinama akachungulia kila pembe. Hamkuwa na kitu.

Akatabasamu peke yake. Kumbe Sabira, pamoja na mdomo wake, alikuwa na macho.

Mgeni mwenye haya angekaa karibu na mlango. Burulkan alipita moja kwa moja mpaka mwisho wa chumba, mahali pa heshima, palipotandikwa magodoro mazito ya pamba, moja juu ya jingine. Akakaa, akakunja miguu, akaegemea kama mwenye nyumba.

Temirkul aliingia na birika, akasimama ghafla katikati ya chumba.

"Sanduku lako ni tupu, kaka," Burulkan alisema kwa upole. "Mimi si mtoto. Ungesema tu. Nisingekataa."

Temirkul aliiweka birika sakafuni, polepole sana.

"Nyoka yupo, dada," alinong'ona. "Matandiko yako yote ameyakataa. Wiki ya tatu sasa, anayoyapenda ni hayo uliyoyakalia."